Leo nimeona gesi ikizunguka nyota!

Jamani lazima niandike hii kabla nilale.

Mnajua vile nimekuwa na zile data za darubini nne za Paranal kule Chile, wanachukua mwanga wa infraredi (ule macho hayaoni) wanauunganisha ndio waone vitu vidogo sana ambavyo darubini moja peke yake haiwezi, na data ziko wazi, unapakua tu hata ukiwa Kisumu na bando.

Nyota yangu ni ya aina ya Be. Moto sana, na inazunguka kwa kasi mpaka inatupa gesi nje, hiyo gesi inajipanga diski kiunoni mwake.

Sasa leo jioni grafu ikafunguka. Kwa urefu wa wimbi wa mikromita 2.166, pale hidrojeni inang'aa, fezi (kipimo kinachoonyesha mwanga umesogea upande gani) inapanda, inakata katikati, inashuka, halafu inatulia. Herufi S kabisa!

Hiyo ni gesi ya upande mmoja inakuja kwetu na ya upande mwingine inaenda mbali. Diski inazunguka, na mimi naiona nikiwa Kondele, hapa Kisumu!!

Mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha, walahi.

Kuna mtu huku Kisumu, Maseno ama Kakamega anashughulika na intaferometria, yaani huku kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa? Ama unapenda tu nyota? Niandikie hapo chini nikutumie hiyo grafu.