Neno run na boti iliyofungwa gatini

Neno run ni dogo, lakini mimi nalipenda kuliko maneno mengi ya Kiingereza. Wiki hii nimeshinda nalo kwa ajili ya mpwa wangu anayejiandaa kwa mtihani. Daftarini mwake alikuwa ameandika: run, kukimbia, basi. Ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, na ndipo Kiingereza kinapotukwamia mapema.

Jioni tulikaa karibu na gati, hapa Lamu. Boti ya Mokowe, kule bara, ilikuwa imefungwa kamba, nahodha keshawasha mashine, anangoja abiria wajae. Moshi unafuka, maji ya nyuma yanatibuka, boti haisogei hata shibiri. Nikamwambia kwamba hapo Mwingereza husema injini inafanya run.

"Mjomba, inakimbia wapi na kamba ile?"

Nililifurahia sana swali hilo. Miguu si lazima, mwanangu. Mara nyingi ni kitu kilichokwisha kuanza na sasa kinaendelea. Ukishalishika hilo, mengi yanafunguka: bomba linalotiririka, pua inayochuruzika kamasi, leso mpya inayochuja rangi ikifuliwa, duka linaloendeshwa vizuri. Sisi kila jambo tumelipa kitenzi chake, na mimi naona huo ni utajiri. Hata wenye lugha wenyewe hawapatani: mwanasiasa wa Marekani anayetaka kiti hukimbia, wa Uingereza husimama. Wetu hugombea, kitenzi kilicho ndugu na ugomvi, na kila msimu wa kampeni hunisikitisha.

Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa set. Walipoanza kuifanyia marekebisho upya, run ikalipita. Mhariri Peter Gilliver alilishughulikia kwa miezi tisa, na kitenzi peke yake kikafikisha maana 645. Mpwa wangu kusikia hivyo akashika kichwa.

Lakini ni mtoto gani wa Lamu aliyewahi kukalishwa chini akariri maana za piga? Tunapiga hodi, tunapiga mswaki, makasia, mbizi, simu, kura, na apigaye pasi hadhani anaichapa kanzu. Tumeyapata kwa kuyasikia yakiwa na wenzake, nyumbani na mitaani. Ninaamini kabisa run nayo haina njia nyingine. Orodha ya maana humchosha mtoto bure, na mtihani ukifika zimeshamtoka.

Kwa hiyo ule mstari wa daftarini tumeufuta. Sasa anaandika sentensi nzima, na lazima iwe ya jambo aliloliona mwenyewe: bibi yake kuishiwa na nazi (run out of) huku wageni wameshakaa, au rafiki aliyekutana naye ghafla (run into) njiani akitoka madrasa. Sentensi za leo zina out pasipotakiwa out, basi kesho baada ya alasiri tutashughulika na hicho kijineno tu.