CCRN si leseni jamani

Wiki iliyopita niko shifti ya usiku, saa nane hivi, dada mmoja tuliyesoma naye KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba Kenya) akanitumia meseji ati nimwambie kitabu gani kizuri cha CCRN, ule mtihani wa cheti cha wauguzi wa wagonjwa mahututi, manake ameshalipia kozi ya mtandaoni. Nikamuuliza NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, umefanya lini, akasema bado, anaanza na CCRN ndio akifika huku Marekani wamuweke ICU moja kwa moja. Na ameshalipa, unaelewa? Kozi nzima.

Sasa wacha niandike hapa ndio nisirudie kwa kila mtu. Mtihani wa CCRN ni wa AACN, chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi Marekani, na kabla wakukubalie lazima uwe na leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ya Marekani, safi, haina kesi, halafu uwe umeshika wagonjwa mahututi masaa 1,750 ndani ya miaka 2, na 875 kati ya hayo yawe ya mwaka wa mwisho (kuna njia nyingine ya masaa 2,000 kwa miaka 5). Kwa hivyo NCLEX kwanza, kazi pili, CCRN baadaye. Wenzetu wa kansa wana OCN, theta wana CNOR, wale wa emajensi wana CEN, na kwa zote leseni ya uuguzi haikwepeki.

Mimi nilikuja na hayadiploma (diploma ya juu) yangu ya ICU, mwaka mzima baada ya kusajiliwa, na nyumbani hiyo ilikuwa inaniheshimisha kweli. Huku waliitazama wakasema vizuri sana, kisha kwa beji wakaandika RN tu. Iliniuma, sitadanganya.

Basi 2019 nikakaa mtihani wa CCRN. Maswali 150, masaa 3, na 25 kati yao hayahesabiwi ila hujui ni yapi, kwa hivyo unatokwa jasho kwa yote. Ventileta haikunisumbua, dawa za kupandisha presha hazikunisumbua. Kilichonitoa kamasi ni ile asilimia 20 ya maadili na familia. Kwetu mgonjwa akizidiwa unatafuta mjomba mkubwa, yeye ndiye anaongea na daktari, na akisema mzee asiambiwe ana nini basi mzee haambiwi, na hakuna mtu anaona hapo kuna kosa. Kwa huo mtihani mjomba hana sauti kama mgonjwa ana akili zake timamu, uliza mgonjwa, na kama hawezi uliza yule aliyemuandika kwa karatasi amsemee. Nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani nachagua jibu la mjomba kila siku na kila siku nafeli, mpaka mume wangu akawa ananiuliza tukiwa tunakula, leo mjomba amekuangusha mara ngapi?

Nilipita. Hospitali ikanirudishia pesa ya mtihani (ukianguka hawarudishi kitu) na ikaongeza dola moja kwa saa, ndio hiyo tu, wale mnadhani mshahara unaruka mpunguze.

Mama alipoona picha ya beji mpya akataka nimfafanulie kila herufi ndio akaeleze chama chake. Nikamwambia mama, wenyewe AACN wanasema CCRN si kifupi cha maneno yoyote, ni jina tu la cheti. Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo umesoma usiku wote huo ukapewa herufi hazina maana?" Nikakosa jibu bana, nikacheka tu.

Na zinaisha muda pia! Kila miaka 3 unaleta masaa 432 ya wagonjwa mahututi, halafu ama pointi 100 za masomo ama unakaa mtihani upya. Saa hii niko na pointi 71 na siku zinayoyoma. Yule dada naye amesema ataomba arudishiwe pesa zake za kozi, tunangoja tuone watamjibu nini.