Pembe Nne za Karatasi

Desemba iliyopita tulirudi nyumbani Marangu kwa sikukuu, kama ilivyo desturi ya watu wa Kilimanjaro, na safari hii nilipewa kazi ambayo wenzangu wote waliikwepa: kulifungua sanduku la bati la bibi, lililokaa chini ya kitanda chake tangu alipofariki, na kuzipanga picha zilizomo. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilinichukua siku tatu na sikuimaliza, kwa sababu shangazi alikuja kuketi kando yangu, na kila picha ikawa na kesi yake.

Nilianza kwa kuzigawa kwa umri. Zile za nyeusi na nyeupe, zenye kingo zilizokatwa kama meno ya msumeno, zilikuwa salama kuliko nilivyotarajia. Picha za rangi za miaka ya 1980 zimegeuka nyekundu, kwa kuwa rangi ya samawati iliyomo kwenye karatasi imefifia kabla ya nyingine, hata wajomba zangu wote wanaonekana kana kwamba waliishi wakati wa machweo. Zilizoharibika zaidi ni za miaka ya 1990, tulizozibandika wenyewe kwa fahari katika albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Ukijaribu kuibandua picha, uso wa mtu unabaki kwenye gundi. Hizo niliziacha humo humo, nikazipiga kwa simu karibu na dirisha.

Picha moja nilikuwa nimekwisha kuiweka kwenye rundo la shamba, shangazi akairudisha mkononi mwangu. Bibi amesimama kando ya mzani, magunia nyuma yake, mkono mmoja umekunja ngumi. Niliona mwanamke aliyechoka, basi.

“Hapo ni chama cha msingi, siku ya kupima kahawa,” shangazi alisema. “Mtazame mkono. Ameshika stakabadhi. Hakuwa akiiweka mfukoni, maana hiyo ndiyo ilikuwa ada yetu ya shule.”

Kwa mila ya Uchagani, ndizi zilikuwa mali ya mwanamke na kahawa mali ya mwanamume, na stakabadhi ile iliandikwa jina la babu. Lakini babu alikuwa Nairobi, mtumishi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akirudi mara moja kwa mwaka. Aliyechuma, aliyemenya, aliyeosha na kuanika kahawa ile, kisha akaibeba hadi kwenye mzani, ni bibi. Babu, mwenye kahawa kwa jina, siku hiyo alikuwa likizo, naye amesimama mahali ambapo hawezi kuonekana: nyuma ya kamera. Nimekua nikisikia habari za kahawa ya babu, na nakiri kwamba sikuwahi kuuliza ilifikaje mzanini.

Kamera hiyo ndiyo iliyojaza albamu kubwa ya kurasa nyeusi, ambamo kila picha imeshikwa na vipembe vinne vya karatasi na kuandikwa maelezo chini yake kwa penseli nyeupe, kwa mwandiko wa bibi. Kila Krismasi ipo. Kisha, baada ya Krismasi ya 1976, hakuna kitu. Niliposhika sanduku mara ya kwanza nilidhani kuna albamu iliyopotea, nikapekua hadi juu ya dari. Shangazi aliniacha nihangaike kwanza, ndipo akanieleza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, babu akarudi na sanduku moja na kamera yake. Mikanda alizoea kuinunua na kuisafishia Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka huo huo, usifunguliwe hadi 1983. Katikati ya hapo ikaja vita vya Kagera, na baada ya vita ikaja miaka ya foleni. Pale ambapo sabuni na sukari vilitafutwa kwa kujuana, nani angethubutu kuulizia mkanda wa picha?

Shangazi amekulia ndani ya pengo hilo. Alipata kipaimara mwaka 1981, akiwa na gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha pazia na viatu vya kuazima vilivyojazwa magazeti ili visimvuke. Alikuwapo mpiga picha kutoka mjini, mwenye mkanda mmoja, nao ukaisha kabla ya kufika safu yake. Alinisimulia hayo akicheka, nami nikacheka naye, huku nikiendelea kufunua kurasa tupu ili kuhakikisha hakuna picha iliyojificha.

Karibu na mwisho tulikuta vipembe vinne, vimebandikwa kwa kipimo, havijashika kitu. Chini yake, kwa penseli nyeupe, pameandikwa jina la shangazi na maneno “Kipaimara, 1981”.

Hakuwa amewahi kuuona ukurasa ule. Nilimwambia kwamba tunayo picha yake nzuri ya ujana, inayoweza kutosha hapo, nikaanza kuitafuta kwenye rundo. Akanizuia mkono.

“Acha,” alisema. “Hivi vipembe alivilamba mama mwenyewe.”

Kisha akaifunga albamu, akaenda jikoni kuutazama mtori.