Kumfuata gayogayo Galveston

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshaiacha Houston kwenda kuvua kisiwani Galveston, pwani ya Texas, kayaki mbili zimekazwa kamba juu ya gari. Safari ilikuwa yangu na shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ana miaka mingi Texas. Mimi nimekulia Tanga, kwenye mtumbwi wa babu, na maji niliyajua kwa kuhesabu mwezi. Basi nikamwambia tusiwe na haraka: mwezi ni wa siku ya nane, maji mafu hayo, hayatatutupa.

"Shemeji, huku usiulize mwezi," akanijibu. "Uliza upepo."

Sikumwelewa. Kwetu bamvua ikifika bahari hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na mtoto wa miaka saba anajua lini pwani itakauka. Galveston maji kujaa na kupwa mara nyingi hayapishani hata futi 2. Kinachoyatoa hasa ni upepo wa kaskazini, ule unaoshuka na baridi kuanzia Oktoba. Ukivuma usiku mmoja, unayasukuma maji ya Ghuba ya Galveston, iliyo nyuma ya kisiwa, kupitia milango yake hadi Ghuba ya Meksiko. Na ulikuwa umevuma usiku ule.

Tulishusha kayaki ndani ya Galveston Island State Park, upande wa ghuba, jua linachomoza. Kulikuwa na majani marefu ya majichumvi, vijito vinavyopindapinda kati yake, na mkizi wakiruka kila upande mpaka mmoja akagonga ubavu wa kayaki yangu. Nikakumbuka hasira za mkizi, nikafurahi peke yangu. Kwenye tope walisimama ndege wa rangi ya waridi wenye midomo kama upawa, hawakutujali hata kidogo.

Tuliyemfuata ni gayogayo, yule samaki bapa ambaye huku wanamwita flounder. Hakimbizi chakula. Hulala pale kijito kinapomwagia maji kwenye ghuba, akajifukia tope, macho tu juu, akingoja vidagaa na kamba waletwe na maji yanayotoka. Kwa hiyo nasi tulitia nanga pembeni ya mdomo wa kijito, tukachoma mkizi wadogo walio hai kwenye ndoana, chubwi nyepesi, tukaanza kuburuta chambo polepole chini kabisa.

Anavyokula si kama changu anayedonoa. Ni uzito tu, kama ndoana imenasa kitambaa kilicholowa. Wa kwanza nilimvuta papo hapo, chambo kikarudi kimekwanguliwa magamba.

"Muache ameze, shemeji. Hesabu mpaka kumi."

Wa pili nilihesabu, mikono inanitetemeka. Alipotoka majini nilimweka mapajani nikamtazama kwa muda mrefu. Juu ana rangi ya lile tope alilolalia, madoa kwa madoa. Chini mweupe kama karatasi. Macho yote mawili upande wa kushoto. Huzaliwa na jicho kila upande kama samaki wengine, kisha akiwa bado mdogo sana jicho la kulia linahama na kuvuka kichwa. Inchi 17. Tukamtia kwenye barafu.

Wa tatu alipungua nusu inchi kwenye 15 zinazotakiwa na sheria. Nikamshusha majini kwa mikono miwili. Hakukurupuka, alizama kama sahani, akatikisa mapezi, tope likamfunika, na sikumwona tena ijapokuwa alikuwa chini ya kasia langu.

Shemeji bado ana kinyongo na sheria nyingine, ile ya kufunga uvuvi wa gayogayo tangu Novemba 1 hadi Desemba 14, iliyoanza 2021. Novemba ndiyo ilikuwa sikukuu ya wavuvi, maana ndipo samaki hawa wanapotoka ghubani kwenda kutaga baharini. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Madume ni nadra kufika inchi 15, kwa hiyo karibu kila unayempeleka nyumbani ni jike. Ukimkamata mlangoni akienda kutaga, umekamata na watoto wake.

Tulipogeuza kurudi, kijito tulichopitia asubuhi hakikuwapo. Palibaki ukanda wa maji ya kufika vifundoni na makundi ya chaza yenye makali kama wembe. Tulishuka, tope likatumeza mpaka magotini, tukavuta kayaki kwa kamba karibu saa nzima. Shemeji hakunikumbusha habari ya mwezi, nami nikamshukuru kwa hilo.

Nyumbani dada alimpigia mama simu ya video. Tanga ilikuwa imeshapita saa nne usiku, lakini mama alikuwa macho. Shemeji akamwamkia, kisha akamnyanyulia samaki mbele ya kamera.

"Marahaba, baba. Mgeuze nimwone." Akamkagua huku na huku. "Si gayogayo huyu?"

"Ndiye, mama."

"Basi msimchune. Mchanjeni, mtieni ndimu na chumvi, mkaangeni na ngozi yake."