Miwani iliyokubali uso wangu

Mjomba wangu wa Matemwe, Unguja, alizamia pweza kwa miwani ya mpira mweusi uliokwisha kukakamaa, na ndiyo niliyoanza nayo utotoni. Kwa hiyo nilipokwenda Nungwi kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, nilijiona mjuzi. Nikanunua mjini miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua, iliyonipendeza macho: kioo kipana, rangi ya buluu, na snokeli yake, bomba la kupumulia ukielea juu, humo humo mfukoni.

Siku ya kwanza, mita sita chini, maji yalikuwa yananifika kwenye kope. Namwaga, yanarudi. Namwaga tena, yanarudi. Nilipanda juu macho yanawaka chumvi, hata matumbawe sikuyaona.

Mwalimu hakulaumu miwani peke yake. Alinionyesha ukingo wa hijabu yangu ya kuogelea: ulikuwa umelala chini ya mpira, na nguo ni njia ya maji. Tangu siku hiyo naisogeza hijabu nyuma kidogo, naweka miwani kwenye ngozi tupu, kisha narudisha nguo juu ya mpira na mkanda unapita juu ya yote. Dada zangu mnaojisitiri, hili nawaomba mlishike, maana dukani hakuna atakayewaambia.

Lakini hata hivyo ile ya buluu ilikuwa pana mno kwangu. Nikarudi kuchagua upya, safari hii kwa uso. Mkanda unautupa mbele usikusaidie. Unaiweka miwani usoni taratibu bila kubonyeza, unavuta hewa kidogo kwa pua, unabana pumzi, unainama. Ikibaki, imekubali. Nilijaribu saba, tano zilinidondokea mkononi, ya sita ilishika lakini ikanigonga kigongo cha pua. Ya saba ilinata. Nikairudia nikiwa nimeuma kidomo cha kupumulia, kwa sababu mdomo ukijaa mashavu hubadilika, ikanata vilevile. Ni ndogo, mpira wake silikoni laini, kioo chake kigumu kweli, si plastiki.

Udogo nao una kazi. Ukifika mita 10 mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu, na hewa iliyomo ndani ya miwani inajikunja. Usipopuliza kidogo kwa pua, miwani inakunyonya uso hadi mishipa ya macho inavilia damu. Ndiyo maana miwani ya bwawani isiyofunika pua haifai kuzamia, na ndiyo maana nataka mfuko wa pua laini ninaoweza kuubana kwa vidole nikizibua masikio. Zile zinazofunika uso mzima, wanazovaa watalii, ni za kuelea juu tu.

Snokeli nilichukua ya kawaida kabisa. Ile ya mwanzo ilikuwa nene, ina kichwa kizito, ikinivuta miwani kila nikigeuka. Wengine hudhani ndefu ndiyo bora; sivyo, unaishia kuvuta hewa uliyoitoa mwenyewe. Hukaa kushoto, kwa kuwa mpira wa hewa ya mtungi hupita bega la kulia.

Kioo kipya kina utando wa kiwandani. Nilikisugua ndani kwa dawa nyeupe ya meno, kwa kidole, mara tatu, nikasuuza. Sasa kabla ya kuzama natema mate, napaka, nasuuza haraka kwa maji ya bahari, na ukungu hauji.

Kisiwani Mnemba nilikaa chini ya maji dakika 40 bila kumwaga hata tone. Kasa alipita karibu nikaona mikwaruzo ya gamba lake.

Mjomba akaiomba. Akaiweka usoni bila mkanda, akavuta hewa, ikadondoka. Sharubu. Akajaribu tena, ikadondoka. Asubuhi ya pili alikuja mapema amenyoa mstari mwembamba chini ya pua, akanyoosha mkono: "Haya, mwanangu, ilete."