Milango Saba Chini ya Paa Moja: Siku Moja Maishani Mwangu, Mkunazini

Saa 11:30 alfajiri

Kazi yangu ni kusimamia nyumba ya mawe Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwendo wa dakika chache kutoka soko la Darajani. Ghorofa mbili za juu wanakaa watu, na chini ipo milango saba ya maduka. Siku inaanzia juu ya paa.

Napanda kabla jua halijachoma, na tochi, ufagio wa chelewa na ndoo ya lita 20. Kaskazi bado inapuliza na masika yako njiani, kwa hiyo mlizamu, mfereji wa paani wa maji ya mvua, unasafishwa kila wiki: majani, vijiti vya viota vya kunguru, vipande vya plastiki. Konzi moja ya uchafu kwenye mdomo wa mlizamu inatosha kuleta hasara. Maji yakikosa njia hurudi nyuma, yakamwagikia kichwa cha ukuta, na hapo ndipo boriti zilipolalia. Nikimaliza kufagia namwaga ndoo nzima mwisho wa mbali. Penye kubaki dimbwi, kishikizo kimelegea. Mlizamu unataka mteremko wa sentimita 1 hivi kwa kila mita.

Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu kwa sababu ya boriti ya mkoko, ambayo haivuki sana zaidi ya mita 3. Katikati huonekana nzima, tena nyeusi na ngumu kama chuma, kumbe ncha iliyomo ukutani imeshakuwa unga. Naigonga kwa nyundo karibu na ukuta. Nzima hulia kavu, na iliyooza hutoa sauti ya debe lililofunikwa blanketi. Kisha natia bisibisi: ikizama zaidi ya pingili moja ya kidole, hapo panategemezwa kwa gogo siku hiyo hiyo, kabla fundi hajaja.

Jambo jengine la juu ni tangi. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, mbali na tangi lenyewe na kitako chake. Wengi wanaogeuza nyumba kuwa za wageni huweka matangi mawili katikati ya dari, wakaongeza na bafu kila chumba. Dari ile ilijengwa kubeba watu na mikeka. Tangi likae juu ya ukuta mnene, au likae chini na pampu ipandishe maji kidogo kidogo.

Saa 12:45 asubuhi

Mlango wa kwanza kufunguliwa ni wa vyakula. Mkate, mayai, maziwa, chumvi ya mia mbili, vocha. Faida yake kwa kitu kimoja ni ndogo kuliko ya mlango wowote, lakini ndio unaoamsha kichochoro. Mama akishuka kununua mkate, fundi cherehani naye hufungua, kwa kuwa ameona watu.

Mzigo wa jumla hushushwa barabarani Darajani. Keri, yaani gari dogo la mizigo, haiingii humu, basi kuanzia hapo ni hamali na mkokoteni wake. Polo la mchele wa mapembe ni kilo 50. Mkokoteni mmoja huchukua mapolo sita hadi manane, kwa kutegemea kona. Kona ndizo zinazopanga bei: mkokoteni mrefu ukikwama lazima mzigo ushushwe nusu, uzungushwe, upakiwe upya, na hamali huhesabu safari mbili. Mwenye duka anayejua kazi hupima kona nyembamba kuliko zote kwenye njia yake, akaagiza mzigo kwa kipimo hicho. Na mzigo uwe umeshaingia kabla ya saa 2, kwani baada ya hapo kichochoro kinajaa na mkokoteni husimama kila hatua kumi.

Taka nazo zina saa yake. Mwenye gari la taka akishapita, mfuko utakaotolewa nje utapasuliwa na paka na kunguru kabla ya adhuhuri. Kila mlango una pipa lenye kifuniko na hulitoa kabla hajafika, si baada. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini chupa za maji bado ni nyingi, nazo ndizo zinazoziba michirizi ya mvua.

Saa 3 asubuhi

Boti ya kwanza kutoka Dar es Salaam imefika bandari ya Malindi, hapa hapa mjini. Muda mfupi baadaye wageni wanaanza kupita na watembezaji wao, wakitoka sokoni kuelekea kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873.

Wageni wa kimataifa walioingia Zanzibar walikuwa zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na 2024 wakapita 736,000. Kwa takwimu hizo mwenye nyumba hushawishika kuigeuza milango yote saba kuwa ya vinyago, picha za tingatinga na viungo vya paketi. Kodi hupanda mara moja. Tatizo huja Aprili na Mei. Masika yakishika, wageni hupungua, mahoteli mengine hufunga, na milango saba inayouza kitu kimoja hufunga siku moja. Kichochoro chenye milango saba iliyofungwa hakipitwi hata na mkaazi mwenyewe, atazunguka barabara kubwa. Akizunguka, na mwenye duka la jirani ambaye bado amefungua hukosa mteja.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: milango minne ya wakaazi, mitatu ya mchanganyiko. Vyakula, dawa, fundi wa kanzu na fundi wa simu hawajali msimu wa wageni. Vitambaa vina msimu wake, Ramadhani, hasa kumi la mwisho, Darajani inapouza nguo za Idd mpaka usiku mkubwa. Manukato na udi huenda na arusi. Vinyago huenda na Julai, Agosti na Disemba. Ukiiweka misimu hiyo kwenye karatasi moja ya miezi kumi na miwili, hakuna mwezi ambao zaidi ya mlango mmoja au miwili uko taabani.

Mwenye nyumba anauliza kwa nini fundi wa kanzu alipe kodi ndogo kuliko wa vinyago. Chukua mfano: mmoja analipa shilingi 300,000 miezi kumi na miwili, mwengine 400,000 lakini miezi minane tu, kisha anaondoka na mlango unakaa tupu. Wa kwanza ameleta 3,600,000, wa pili 3,200,000, na huyo wa pili ameacha chumba kilichofungwa. Chumba cha chokaa kisichopata hewa miezi minne hutoka ukungu, na kukisafisha ni gharama ya tatu.

Saa 4:30 asubuhi

Fundi amefika kwa ukuta wa duka la vitambaa. Plasta imevimba chini, kimo cha magoti, na inamomonyoka kama biskuti. Mwenye duka anataka kazi iishe upesi.

"Fundi, si utie saruji tu tumalize?"

"Saruji inaufunga ukuta pumzi, bibie. Utaniita tena mwakani."

Fundi ana haki. Ukuta huu una unene wa zaidi ya nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa, nao hunywa maji kutoka ardhini kila siku ya Mungu. Kwenye plasta ya chokaa maji hupenya yakatoka nje kwa hewa. Kwenye saruji hukwama nyuma, na chumvi iliyomo hukauka ikawa chembe, ikasukuma. Saruji haianguki peke yake, huondoka na uso wa jiwe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Plasta mbovu inabanduliwa mpaka sentimita 30 kupita pale inapoishia rangi ya unyevu. Vumbi na chumvi vinapigwa brashi kavu. Chumvi isioshwe kwa maji, itarudi ndani. Mashimo yanatomewa kwa vijiwe vidogo na chokaa, si kwa chokaa tupu, ambayo ikiwa nene hupasuka. Chokaa iwe imezimwa na kulala shimoni chini ya maji wiki kadhaa: punje isiyozimika vizuri huja kufura ukutani na kurusha plasta. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa pwani. Ukuta unaloweshwa kwanza, tabaka lisizidi sentimita 1 hivi, la pili lisubiri la kwanza lishike. Kisha yanatundikwa magunia mabichi, yanarashiwa maji asubuhi na jioni si chini ya siku tano. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: duka linataka kufunguliwa, magunia yanaondolewa siku ya pili, na plasta inakauka kabla ya kukomaa.

Mabunda ya vitambaa hayarudi ukutani. Rafu inasimama sentimita 5 mbali, hewa ipite nyuma.

Saa 6 mchana

Umeme. Kila mlango una mita yake ya tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, na hilo nililisimamia kwa nguvu, kwa kuwa mita moja ya watu saba ni ugomvi wa kila mwezi. Duka la dawa lina kiyoyozi. Waya wake unatoka kwenye bodi peke yake, milimita za mraba 2.5, haugawani na friji wala soketi. Soketi yenye kuchemka ukiigusa inazimwa papo hapo.

Bomba la maji ya kiyoyozi ndilo linalosahauliwa. Siku ya unyevu kifaa kimoja huweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa, na likitiririkia ukutani masaa kumi, ni masika ya mwaka mzima mahali pamoja. Linashushwa kwa mpira mpaka kwenye mchirizi.

Saa 7 mchana

Adhuhuri. Maduka mengi yanafunga, watu wanasali na kula. Naandika hesabu. Mwenye duka la manukato anataka dirisha la kioo kipana pahala pa mlango wake wa mbao, nami namwelekeza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla hajamwita seremala. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na sura ya nje haibadilishwi kwa hiari ya mpangaji. Anaona ni usumbufu. Namkumbusha kuwa hata jumba kubwa huporomoka: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 na sehemu yake ikaporomoka 25 Disemba 2020. Tena wageni wanaoingia dukani kwake wanakuja kuutazama mlango ule ule anaotaka kuung'oa.

Saa 10 alasiri

Baada ya alasiri mji ni wa wenyeji. Kahawa na kashata barazani, watoto wametoka skuli na wanaelekea chuoni kusoma Kurani, wake wanashuka kununua.

Ndio saa ya kuhesabu nyayo. Nakaa barazani dakika 15, nahesabu wanaopita na wanaoingia kila mlango, kisha nazidisha kwa 4. Nafanya hivyo saa 3 asubuhi, saa 10 na saa 2 usiku, siku tatu tofauti, moja ikiwa Ijumaa. Nambari hizi ni bora kuliko malalamiko. Wapitao wakiwa wale wale lakini waingiao wamepungua, kasoro iko dukani: bei, taa, au muuzaji anayetazama simu. Wapitao wenyewe wakipungua, kasoro iko njiani: shimo, taka, taa iliyozimika, au kituo cha daladala kimesogezwa na watu wanaingia mjini kwa upande mwengine. La njiani tunalipeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukiwa pamoja, milango saba, na nambari mkononi.

Saa 1 usiku

Magharibi imepita. Wageni wanakwenda bustani ya Forodhani kwenye mishikaki na pweza, na kichochoro chetu ni njia yao ya kurudia. Kila mlango una taa ya wati 9 nje. Ikiwaka masaa 12 kwa siku hula uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Taa zote saba hazifiki uniti 23. Tunachangiana, na aliyefunga duka mapema taa yake haizimi.

Saa 3 usiku

Duka la vyakula linafunga mwisho, kama lilivyofungua mwanzo. Narasha magunia ya duka la vitambaa mara ya pili, nasikiliza pampu ikijizima, nashusha swichi ya kiyoyozi cha nje. Kwenye daftari ya kesho: vishikizo vinne vya mlizamu, gogo la mita 3 kutegemeza boriti ya tano upande wa kibla, na ndoo mbili za chokaa iliyolala.