Kwa Mwendo wa Ng'ombe hadi Bissil

Barabara ya Namanga wengi wetu wa Nairobi tunaijua kwa pupa. Unaipita ukiwahi Arusha, ukiwahi mazishi, au ukiwa ndani ya basi la bure la wakala wa ploti, soda mkononi. Mimi na binamu yangu tulichagua siku ya soko la mifugo la Bissil, mji ulio mbele ya Kajiado kwenye barabara hiyo, tukaondoka alfajiri bila miadi na mtu. Tulikubaliana jambo moja tu: popote tutakapoona ng'ombe wa kutazamwa, gari linasimama.

Mpaka Mlolongo hakuna cha kusimulia, ni barabara ya juu kwa juu na tozo lake. Athi River unapokewa na vumbi la saruji, na hapo ndipo habari ya ng'ombe inapoanza rasmi, kwa sababu ndipo ilipo KMC, tume ya nyama iliyoanzishwa mwaka 1950. Imewahi kufungwa, ikafufuliwa, na mwaka 2020 serikali ikaikabidhi Wizara ya Ulinzi. Binamu yangu, ambaye ana maoni juu ya kila kitu, alisema nchi inayokabidhi ng'ombe kwa wanajeshi imeshindwa na wachuuzi. Sikubishana naye, ilikuwa mapema mno.

Kitengela nilitaka tupite polepole ingawa ng'ombe huwaoni. Unachoona ni seng'enge, mawe ya mipaka, na mabango ya ploti za futi 50 kwa 100. Hapa palikuwa malisho. Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ina ua pande zote isipokuwa kusini, na upande huo ulioachwa wazi ndio njia ya nyumbu na pundamilia kwenda kwenye tambarare hizi na kurudi, wakilisha pamoja na mifugo ya Wamaasai. Sheria ya mwaka 1968 ilizipa jamii hati za ranchi za pamoja. Baadaye nyingi ya ranchi hizo zikagawanywa, kila mtu na kipande chake, na kipande kikiwa chako unaweza kukiuza. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa huku ili wasijenge ua wala kuuza. Lakini hela ya kutojenga haijawahi kushindana na hela ya ploti. Nairobi inataka nyama, na inataka kujenga palepale nyama inapoota.

Ukishaipita Isinya kifua kinafunguka. Migunga mifupi, udongo mweusi uliopasuka, upepo. Kabla ya Kajiado kundi la kwanza likavuka lami, na binamu akazima injini kabisa. Wa mbele alikuwa jike mzee mwenye kengele shingoni, hana haraka, hatazami gari. Nyuma yake walifuata wekundu wakubwa wenye ngozi ya koo inayoning'inia hadi karibu na magoti: hao ni Sahiwal, au damu yao, mbegu iliyoletwa kutoka upande wa India. Kati yao walikuwamo zebu wa kienyeji, wadogo, nundu imesimama, mbavu zimechongwa kwa moto mistari ya ukoo. Kijana aliyewachunga alikuwa na simu sikioni na fimbo kwapani. Tulipomsalimu "Supa," akajibu "Ipa" bila kukata simu.

Mchanganyiko huo una hesabu yake. Sahiwal anakupa maziwa mengi na uzito wa kuuza. Zebu anakupa ng'ombe aliye hai. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na barabara hii ikanuka mizoga. Mwenye wekundu watupu aliumia zaidi, kwani mnyama mkubwa anataka nyasi nyingi na hawezi kutembea mbali kuitafuta. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili leo hachagui upande mmoja.

Kajiado tulikunywa chai tu, tukavuka reli ya kwenda Magadi, tukaendelea.

Bissil siku ya soko unaisikia kabla ya kuiona. Ndani ya ua wa soko watu wamejaa kuliko ng'ombe: madalali wenye fimbo nyembamba, wanunuzi wa kutoka vichinjio vya Nairobi, kina mama wa chai na mandazi, wazee wenye shuka na koti la suti juu yake. Mzani sikuuona, unono hupimwa kwa vidole. Mnunuzi mmoja mwenye kofia ya jua alimwendea maksai mweusi, akamshika shina la mkia, akalibana kwa vidole, akapitisha kiganja mgongoni hadi nyuma ya nundu, akabonyeza tena. Kisha akatema mate pembeni na kusema, "Sabini."

Mwenye ng'ombe hakumjibu. Alimgeukia dalali na kumwambia jambo kwa Kimaasai, watu wakacheka.

"Amesema nini, mzee?" nikamuuliza jirani yangu.

"Amesema huyo anataka kununua mkia."

Walifika elfu themanini na tano kabla mnunuzi hajatoa kopo la rangi na kumpiga maksai alama ya buluu pajani. Malipo yalipita kwa M-Pesa, kila mmoja akiisogeza simu kivulini apate kuusoma ujumbe. Dalali akapewa chake kutoka pande zote mbili, jambo ambalo kila mtu alionekana kuliona la haki isipokuwa binamu yangu.

Tulikula mbuzi wa kuchoma kwa ugali na kachumbari, chumvi pembeni, nyama ngumu kidogo na tamu sana. Mbuzi laini simwamini.

Kurudi, Isinya tulikata kushoto kuelekea Kiserian. Njia hii ni bora kuliko ya asubuhi: malori machache, milima ya Ngong mbele yako na mapanga ya umeme wa upepo yakizunguka mgongoni mwake. Kiserian ndiko wanakoishia wanyama wengi wa upande huu. Kichinjio kimoja cha hapo hakitupi hata uchafu, damu na mavi vinageuzwa gesi ya kupikia. Kwenye bucha hakuna anayegusa mkia, kila kitu ni kwa kilo, na binamu alipouliza bei alitukana kimyakimya kisha akanunua mbili.

Ukitaka kuijaribu njia hii, toka Bissil kabla ya saa nane mchana. Jioni makundi hurudi bomani yakipitia lami hiyohiyo, ng'ombe mweusi haonekani mpaka ufike kwenye pembe, na kutoka Kiserian hadi Rongai bado una foleni ya matatu inayokungoja.